Bahasha Ananyonyesha

Machi 12

Leo nimekabidhiwa Bahasha. Ni sungura jike wa klabu ya ukulima shuleni kwetu, mweupe mwili mzima isipokuwa kifuani, ambapo ana alama ya kijivu iliyochongoka kama mdomo wa bahasha. Utaratibu wa klabu ni huu. Mwanafunzi hupewa jike mwenye mimba, akamtunza mpaka azae na watoto waache kunyonya. Kisha humrudisha akiwa na afya na uzito wake, naye hubaki na watoto wawili. Akimrudisha amekonda, au asipomrudisha kabisa, habaki na kitu, na aliye nyuma yake katika zamu naye hukosa.

Aliye nyuma yangu ni Koki, binti wa fundi Kiilu. Baba yake ameshamaliza kumtengenezea kizimba.

"Umtunze vizuri, Wangeci," Koki ameniambia. "Huyo amelala kwenu, lakini harusi ni kwetu."

Mwalimu Nthoki anataka tuandike uzito na chakula. Daftari hili lina kurasa nyingi kuliko mambo ya sungura mmoja, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Machi 13

Mizani ya shule imeharibika. Nimempeleka Bahasha kwa Ndambuki mwenye bucha, tukamtundika ndani ya kapu la Mama kwenye ile mizani yake ya ndoano. Ukitoa uzito wa kapu, kilo nne.

"Nimkate vya kuchoma ama vya mchuzi?" Ndambuki aliuliza.

Nikamwambia ana mimba. Akavua kofia yake nyeupe. "Basi samahani, mama," akamwambia Bahasha.

Machi 19

Kwa kawaida mvua ingekuwa imeshaanza. Nyasi za kando ya uwanja zinavunjika ukizishika.

Machi 24

Mama amejifungua mtoto wa kiume. Ataitwa Wanyoike, jina la marehemu babu yangu, kwa kuwa ndiye mvulana wa kwanza. Kati yangu na yeye Mama alipoteza wawili. Nyumbani hatuwataji. Leo Baba aliporudi kutoka hospitalini aliketi kitandani na viatu miguuni, akawa anacheka peke yake.

Machi 27

Cucu amefika kutoka Murang'a. Yeye ndiye mama yake Baba, na mimi nimeitwa kwa jina lake, kwa hiyo huniita wajina. Wanyoike naye humwita bwana wangu, kwa sababu ana jina la mumewe.

Amekuja na kiondo kizito mpaka kamba yake imemwachia alama kwenye paji la uso. Ndani mlikuwa na njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe. Kwetu mwanamke aliyejifungua hulishwa njahi ili damu irudi na maziwa yashuke. Cucu amebeba za kuwatosha wanawake wa mtaa wetu mzima wa Buruburu.

Alimfunua mtoto, akamtazama miguu. "Bwana wangu ni mwembamba," akasema. "Hata alipokuwa mzee alikuwa mwembamba, lakini yule alikuwa mkaidi. Huyu atakula."

Machi 30

Chakula cha Mama ni hiki. Asubuhi, njahi zilizopondwa na ndizi. Kabla ya mchana, uji wa wimbi. Mchana, supu ya mifupa. Alasiri, uji tena. Jioni, njahi. Mama akimaliza, Cucu huliinua bakuli juu na kulionyesha nyumba nzima kama kombe la mpira.

Aprili 2

Bahasha amezaa. Jana alijinyonyoa manyoya ya tumbo akayatandika kwenye sanduku, na leo asubuhi manyoya yalikuwa yanapumua. Nilinawa mikono kwanza, kama tulivyofundishwa, ndipo nikawahesabu. Ni wanane, wekundu, hawana nywele, macho yamefungwa.

Cucu alikuja kutazama.

"Wanane," alisema. "Na maziwa atayatoa wapi?"

"Nitamwongezea majani, Cucu, na maji, na konzi ya pumba asubuhi na jioni. Mwalimu amesema tuongeze polepole."

"Majani." Alimtazama Bahasha kwa muda, kisha akanitazama mimi. "Mzazi huyu, wajina. Mzazi anapewa majani."

Akarudi jikoni akitikisa kichwa.

Aprili 6

Tumefunga shule. Kilo tatu na robo tatu. Mwalimu Nthoki hutufundisha kutoiamini mizani peke yake. Anayenyonyesha lazima apungue kidogo, kwa hiyo umpapase mgongo kwa vidole. Mifupa ikiwa kama vifundo chini ya blanketi, ni sawa. Ikiwa kama meno ya kitana, anajila mwenyewe ili watoto wapate.

Leo ni vifundo chini ya blanketi, ila blanketi ni jepesi.

Aprili 9

Hakuna mvua. Maji ya mfereji yanakuja alfajiri tu. Bahasha anamaliza mkebe wake kabla ya saa sita na kuusukuma kwa pua mpaka nisikie. Nimekwenda mpaka karibu na reli kutafuta majani, nimepata kishonanguo kidogo na vumbi jingi.

Aprili 12

Kilo tatu na robo. Kitana.

Aprili 14

Mama aliniuliza Bahasha anaendeleaje. Alikuwa ameketi mlangoni, mtoto amelala begani, bakuli pembeni yake limejaa.

"Anakonda, Mama."

"Ana bahati," Mama akasema.

Nilidhani anatania. Nikaenda kuosha mkebe wa maji.

Aprili 18

Kilo nne. Nilimwomba Ndambuki apime tena, akapima, ikawa kilo nne.

"Huyu amekula jiwe la mizani," alisema.

Nimemwambia kila mtu, hata Koki nilipomkuta dukani. Koki hakucheka. "Kwa pumba na vumbi la reli?" aliuliza. "Nifundishe na mimi." Nafikiri ana wivu. Nimeandika kilo nne kwa kalamu nyekundu.

Aprili 19

Leo amebakiza pumba. Tumbo ni gumu kama ngoma. Labda ameshiba.

Aprili 20, Ijumaa Kuu

Bahasha hakuwa ameshiba.

Asubuhi nilimkuta amejikunja pembeni, macho nusu, anasaga meno. Chini ya kizimba hapakuwa na kinyesi kipya hata punje moja. Watoto walikuwa na ngozi iliyolegea kama soksi, matumbo yamebonyea, na mmoja wao alikuwa amekufa. Nilipoinua ubao wa sakafuni niliona ganda jeusi la njahi, kisha jingine. Mkebe wa pumba ulikuwa na ukoko mwekundu ndani, na niliponusa ulikuwa uji wa wimbi uliochacha.

Niliingia jikoni moja kwa moja. Cucu alikuwa akichochea sufuria. Sikumsalimu.

"Cucu, umempa Bahasha njahi."

"Wangeci," Baba alisema kutoka mezani. "Hivyo ndivyo unavyomwamkia nyanya yako?"

Lakini nilikuwa nimeshaanza. Nilisema amempa njahi na uji, na sasa anakufa. Nilisema Koki atakosa na mimi nitakosa. Nilisema si kila anayezaa ni mtu, na kwamba nilieleza tangu siku ya kwanza na hakuna aliyenisikiliza kwa sababu mimi ni mtoto. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Mama alikuwa amesimama mlangoni na Wanyoike, anatazama sakafu.

Cucu aliweka mwiko chini, akajifuta mikono kwa kanga.

"Daktari wake ni nani?" aliuliza.

"Mwalimu Nthoki."

"Basi nenda ukamwite. Kelele haijamponya mtu."

Nilikimbia mpaka mtaa wa Jericho, anakokaa Mwalimu. Mwalimu alikuwa ametoka kanisani, bado na kofia kichwani, na alikuja hivyo hivyo. Alimlaza Bahasha mapajani akambonyeza tumbo kwa vidole viwili.

"Limesimama," alisema. "Tumbo la sungura halipaswi kusimama hata siku moja. Linaendeshwa na nyasi. Nani amempa vyakula vya kupikwa?"

Nilimtazama Cucu.

"Haya. Pumba hapana, majani mabichi hapana, chochote cha sufuria hapana. Maji safi, na nyasi kavu kadiri atakavyokubali. Umsugue tumbo taratibu, mbele kurudi nyuma. Hawa wadogo wameshafungua macho, watadonoa hizo nyasi pia, lakini bado wanamhitaji." Alitazama anga jeupe. "Nyasi kavu, Wangeci, lakini nzuri, zenye harufu ya nyasi. Si zile za reli zilizojaa moshi na mchanga. Msimu huu utazipata wapi, sijui."

"Na ile kilo nne?" niliuliza.

"Ilikuwa chakula kilichokwama na hewa," alisema. "Mizani haijui tofauti."

Cucu alikuwa amesimama kando na shuka lake mabegani. Alisikia yote.

Aprili 21

Tulipoamka Cucu hakuwepo. Shuka lake halikuwepo, kiondo hakikuwepo. Baba alinywa chai akitazama barabarani, na mimi nilijua amefikiria nilichofikiria, kwamba amerudi Murang'a. Mama alipika uji mwenyewe na hakuunywa.

Bahasha hakula. Watoto waliobaki ni saba, na mmoja wao hasimami vizuri.

Karibu na mchana nikasikia watoto wa majirani wakicheka barabarani. Nikatoka. Cucu alikuwa anakuja katikati ya nyumba za Phase Two, mtaani kwetu, ameinama, amebeba gunia mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kama anayetoka shambani na kuni. Wale watoto walikuwa wanamfuata nyuma, nao wameinama.

"Niaje, Cucu, umehama?" mmoja alimwuliza.

"Nimehamia kwenu," akamjibu. "Mwambie mama yako aweke chai."

Alilitua gunia mbele ya kizimba. Lilikuwa limejaa nyasi kavu, ndefu, za kijani iliyofifia, zenye harufu kama ya nyumba ya Cucu kule Murang'a.

"Nyanya za kutoka Loitokitok hupangwa kwa nyasi ndani ya makreti zisipondeke," alisema. "Wakishusha pale sokoni, nyasi wanatupa. Nimechambua. Zilizoloa maji ya nyanya nimeziacha. Mwalimu wako alisema ziwe nzuri."

Mikono yake ilikuwa imechanika kwa misumari ya makreti. Hakungoja shukrani. Alikuwa ameshaingia kuona kama bwana wake amenyonya.

Aprili 22, Pasaka

Baba na Cucu walikwenda kanisani. Mimi niliomba kubaki na Bahasha, na Mama alibaki na mtoto. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya pipa la maji, nachagua nyasi laini kwa ajili ya wale wadogo, mlango wa nyuma ukafunguka. Mama alitoka na bakuli la njahi mkononi. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akaja mpaka kwenye kizimba, akasimama mbele yake kama mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa. Kisha akageuka, akazifunga njahi ndani ya gazeti, akainua kifuniko cha pipa la takataka.

"Mama," nilisema.

Kifuniko kilimponyoka.

Hakukasirika. Aliketi kwenye ngazi ya mlangoni, nami nikaketi ngazi ya chini.

"Siwezi tena, Wangeci," alisema. "Wiki ya kwanza nilikula. Ya pili nikawa nafunga macho. Sasa nikiziona tu koo linajifunga. Maziwa ninayo. Mtoto anashiba, umemwona."

"Kwa nini usimwambie Cucu?"

"Ni mama mkwe wangu. Amezileta kwa mgongo wake kutoka Murang'a. Nikikataa njahi zake nimeukataa mkono wake." Alikunja lile gazeti likawa dogo zaidi. "Na wale wawili walipozaliwa, Cucu alikuwa mgonjwa, hakuweza kuja kunilisha. Mpaka leo anadhani angekuja wangeishi. Hajawahi kusema, lakini naona anavyolitazama bakuli. Ningewezaje kumwambia hapana? Nikaona sungura wako anakonda, anayenyonyesha kama mimi, nikasema namsaidia yeye na ananisaidia mimi. Sikujua, mwanangu."

Nilitafuta hasira yangu na sikuiona ilipokuwa.

"Cucu amebeba lawama yako," nilisema baadaye.

Mama aliitikia kwa kichwa. "Usimwambie. Nitamwambia mimi. Nipe siku."

Aprili 23

Nyasi zimepungua kizimbani. Na chini yake kuna kinyesi. Ni punje chache, ngumu, ndogo kuliko kawaida, lakini zipo. Nimezibeba kiganjani nikazipeleka jikoni mbio.

Cucu aliziinamia akazikagua kama anayenunua mbegu.

"Hongera," alisema.

Yule mdogo asiyesimama amekufa. Wamebaki sita.

Aprili 24

Nimemwomba Cucu msamaha. Aliniuliza, "Kwa lipi?" Nikasema kwa kumpigia kelele. Nilitaka kuongeza kwamba najua si yeye, lakini hiyo sehemu si yangu. Nikanyamaza, na kunyamaza kukawa kama kudanganya. Akanipa viazi nimenye.

Aprili 26

Mama amesema.

Ilikuwa mchana. Baba yuko kazini, Wanyoike amelala. Cucu aliweka bakuli mbele ya Mama na kusimama akingoja kijiko cha kwanza, kama kawaida. Mama hakukishika kijiko.

"Maitu," alisema, na kwa lugha yetu hiyo ni kusema mama. "Aliyempa sungura njahi ni mimi."

Cucu alikiweka sawa kijiko pembeni ya bakuli.

"Na uji?"

"Na uji."

"Na supu?"

"Supu nilikunywa."

"Afadhali supu," Cucu alisema. Akalitazama bakuli. "Yale mabakuli niliyokuwa nikiyainua. Yalikuwa yako?"

"Mengine."

"Mengine," Cucu akarudia.

Akavuta kiti akaketi. Nilidhani atalia, na nafikiri Mama pia alidhani hivyo, kwa maana alinyoosha mkono. Lakini Cucu alilivuta lile bakuli upande wake, akachukua kijiko, akaanza kula. Alikula njahi zote, taratibu, bila kututazama, mpaka kijiko kikagonga chini. Kisha akaliinua bakuli juu akatuonyesha lilivyo tupu.

"Zimeiva vizuri," alisema. "Sasa wewe. Unataka kula nini?"

Mama alianza kulia na kucheka pamoja. "Ugali," alisema. "Na sukuma wiki. Ya kukaanga, na pilipili kidogo."

"Majani," Cucu alisema, akanigeukia mimi. "Wajina, umesikia? Hata huyu anataka majani."

Baadaye, tukiosha vyombo, nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile kuwa si yeye.

"Humu ndani tuko watano," alijibu. "Bwana wangu hatembei. Ningesema si mimi, mngebaki watatu wa kutazamana. Mimi nitarudi kwangu. Nyinyi mtakaa."

Mei 3

Kilo tatu na robo, lakini anakula, na kinyesi ni kikubwa na cha mviringo. Kila baada ya siku mbili Cucu huenda sokoni, na wapakuaji wameanza kumwekea nyasi pembeni. Wanamwita Mama Ng'ombe. Hajawaambia ni sungura.

Mama anakula ugali na sukuma wiki. Wanyoike ana mashavu.

Mei 8

Tumefungua shule. Nimeanza tena pumba, nusu konzi. Koki aliniuliza ukweli, nikamwambia yote isipokuwa mambo ya Mama. Akasema kama hatapata sungura, baba yake anaweza kukipunguza kile kizimba kidogo, kiwe cha kuwekea njiwa.

Mei 14

Manyunyu. Hayakulowesha hata vumbi, lakini Bahasha alitoa pua nje ya wavu.

Mei 18

Kesho namrudisha. Ndambuki alimpima mara mbili. Kilo tatu na nusu na kidogo. Alijaribu kulisukuma kapu kwa kidole sindano ishuke, nikamkataza.

"Nilikuwa nasaidia," alisema.

"Najua," nikamwambia. "Ameshasaidiwa sana."

Mei 19

Klabu nzima ilikuwepo. Nilisoma daftari kwa sauti, uzito wote, hata ile kilo nne ya kalamu nyekundu. Nilisema amepewa chakula cha watu nyumbani kwetu, na kwamba nilimlaumu asiyehusika. Nikasema alikuja na kilo nne na leo amepungukiwa karibu nusu kilo. Koki alikuwa ameinamisha kichwa.

Mwalimu Nthoki hakuliomba daftari. Alipitisha vidole mgongoni mwa Bahasha, akambonyeza tumbo, akamfunua meno.

"Alipokuja alikuwa na nani tumboni?" aliuliza.

Sikuelewa.

"Wanane, Wangeci. Wanane, na maji yao. Ulitaka arudi nao tumboni?" Klabu yote ikacheka. "Huu ndio uzito wake. Aprili alikuwa na kilo nne na alikuwa anakufa. Koki, njoo."

Koki alikuja akaweka vidole mgongoni.

"Ni nini?"

"Vifundo chini ya blanketi, Mwalimu," Koki alisema.

"Basi mchukue, na wiki ijayo umlete apandishwe."

Kati ya wale sita nilichagua wawili, jike na dume. Jike ana alama ya kijivu kifuani, ndogo, kama stempu. Tulipokuwa tunatoka Koki aliniuliza zile nyasi Cucu hupata kwa nani pale sokoni. Nikamwambia aulize watu wa Mama Ng'ombe.

Mei 26

Cucu ameondoka leo. Njahi zilizobaki amemwachia jirani anayetarajia kujifungua, na kumwambia ale akitaka. Kiondo kilikuwa kitupu, kwa hiyo nikatandika nyasi chini, nikamweka Stempu, yule jike wangu, ndani.

"Nini hii?" Cucu aliuliza.

"Ni wako, Cucu."

Alimtazama kwa muda mrefu. Stempu naye alimtazama.

"Nitamlisha nini?"

"Majani tu, Cucu. Majani na nyasi, na maji."

"Na akizaa?"

"Majani mengi zaidi."

Cucu alivuta pumzi. Alipitisha kamba ya kiondo kwenye paji la uso, akaisawazisha, akambusu bwana wake, akamshika Mama mkono kwa muda. Tulipofika kituoni alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mchoyo wa familia ambaye hata hivyo anampenda.

"Mengi kiasi gani, wajina?" alisema. "Nionyeshe kwa mikono."

Nikaweka daftari chini, nikamwonyesha.